Simba wa Mikindani na nanga yake

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kilomita kama 11, na daladala zipo. Nilipanda bodaboda kwa sababu ya jua, nikalipa 8,000, bei iliyomfanya kila niliyemtajia baadaye agune. Chumba cha wageni kilikuwa 45,000, feni inazunguka bila kuleta upepo, na usiku umeme ulikatika mara mbili. Siku mbili za mwanzo sina la kuziandikia. Ninachokumbuka ni asubuhi moja ya Jumamosi kibarazani kwa bibi mmoja, nyuma kidogo ya barabara ya pwani, mbele yetu simba wa kioo aliyezungushiwa kanga.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapa penye kivuli. Huyu ndiye simba wetu. Niambie, ni Mjerumani au si Mjerumani?”

Simba kalala juu ya kitako cha pembe nne, miguu ya mbele kainyoosha, kichwa juu. Kioo chake hakina rangi, ila uso wake umefifishwa kama kioo cha dirisha la bafuni. Mume wa bibi alimrithi kwa babake, naye babake kwa babu, na ukoo wote unaamini alishuka kwenye meli ya Wajerumani zamani za kujengwa boma, lile la mwaka 1895 ambalo bado lipo pale juu. Ushahidi wao ni nanga. Mwili wa kioo umechorwa nanga ndogo kweli, pamoja na herufi mbili ambazo wao wamezisoma ID. Mji ni wa bandari. Anayeona nanga hapa ataacha kufikiria meli?

Nanga hiyo si ya meli. Herufi ya kwanza ni J, imechakaa mkia. JD pamoja na nanga ni alama ya John Derbyshire, aliyekuwa na kiwanda cha kioo Salford, pembeni ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1870. Na simba huyu ni mfano mdogo wa wale simba wa shaba wa msanii Landseer waliowekwa Trafalgar Square, London, mwaka 1867.

Nilimweleza bibi kwamba alama ya mtengenezaji pekee haitoshi, kwa sababu anayenakili sanamu hunakili na alama yake. Kuna alama ya pili, yenye umbo la uru ya karata, katikati ina herufi Rd. Serikali ya Uingereza ilitoa alama hiyo kati ya 1842 na 1883 kwa kila umbo lililosajiliwa ili lisiibiwe, na pembe zake nne zinataja tarehe na namba ya fungu la usajili. Ndipo nilipoligeuza simba taratibu juu ya mto, na ndipo niliposikitika.

Kitako kilikuwa kimesuguliwa. Mjukuu alisikia kuna mgeni anakuja kumwangalia simba, akataka amkute anang'aa, akamsugua jioni ya kuamkia siku hiyo kwa mchanga na jivu, kama anavyosuguliwa chungu kilichoungua. Kijana ana heshima na alifanya kwa nia njema. Lakini punje za mchanga wa pwani nyingi ni kwazi (madini yaitwayo quartz), nayo kwazi ni ngumu kuliko kioo, kwa hiyo kila duara la mkono lilikula kidogo. Tumepoteza vitu viwili pale. Cha kwanza ni michubuko ya uzee. Sanamu iliyokaa miaka mia juu ya kabati hupata mikwaruzo myembamba inayokwenda kila upande, na hukaa tu kwenye sehemu zinazogusa meza. Ya kughushi kwa msasa huenda upande mmoja na huingia hadi kwenye mashimo ambako meza haifiki. Sasa kitako kizima kina mikwaruzo mipya na hakuna awezaye kuitenganisha. Cha pili ni pembe ya kushoto ya ile uru.

Tukaanza kuisoma iliyobaki. Kioo kisicho na rangi hakisomeki ukikitazama kwa mbele, na taa ya simu ukiielekeza moja kwa moja hukifanya cheupe chote. Zima taa ya kamera, tumia kurunzi ya simu ya pili, ilaze pembeni karibu usawa na kitako, na nyuma weka kitambaa cheusi. Bibi alileta buibui. Kisha poda ya mtoto: chukua kidogo kwa ncha ya kidole, ipake juu ya alama, halafu pangusa kwa kiganja kikavu, poda ibaki kwenye mabonde tu. Usitumie wino wala kiwi, vinaingia kwenye vinyweleo vya sehemu iliyofifishwa na havitoki. Angalia pia kama unaisoma alama kwa juu au kwa kupitia ndani ya kioo, maana ukiisoma kwa ndani herufi hugeuka, na kushoto inakuwa kulia, ukaishia kwenye mwaka mwingine kabisa.

Ikatoka. Juu kabisa, ndani ya duara, III, yaani daraja la kioo. Pembe ya juu kuna namba 3. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Alama za 1842 hadi 1867 zina herufi ya mwaka pembe ya juu. Za 1868 hadi 1883 zina siku ya mwezi pale juu, na mwaka umehamia kulia. Kwa hiyo kwanza uliza: juu kuna namba au herufi? Yetu ni namba, basi ni ya kundi la pili. Kulia kuna U, ambayo ni 1874. Chini kuna I, ambayo ni Julai. Tarehe 3 Julai 1874. Pembe ya kushoto ingekuwa na namba ya fungu la siku hiyo, ndiyo ile iliyokwenda na mchanga. Madaftari ya usajili yapo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa kule Kew, London, na kwa tarehe pamoja na namba ya fungu mtu hufika moja kwa moja kwenye jina na anwani. Kwa bahati nanga na JD vilikuwa vimesalia, na tarehe hiyo ndiyo ya simba wa Derbyshire.

“Kwa hiyo kazaliwa 1874?” kijana akauliza.

Hapana. Siku hiyo ni ya kusajili umbo. Kalibu ya chuma, ile inayokipa kioo umbo, hutumika mpaka ichoke, na ulinzi wa umbo la kioo ulikuwa miaka 3 tu. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakutengenezwa kabla ya hapo. Kuhusu nakala, tulimpitisha kidole kwenye manyoya ya shingo. Kalibu iliyochukuliwa kutoka kwenye simba mwingine hutoa mtoto mdogo kidogo kuliko mama, mwenye manyoya yaliyolainika. Huyu manyoya yake yana makali, na mistari ya viungo vya kalibu inafuata kingo mahali ambapo jicho haliendi haraka.

Hadithi ya meli haijafa. Simba wa Salford anaweza kupanda meli ya Mjerumani, ya Mhindi au ya mmisionari. Kioo kinasema kilikotengenezwa, hakisemi nani alikibeba. Nilimwomba bibi aandike majina ya waliomshika kwa mfululizo, karatasi ikae ndani ya kanga pamoja naye. Aliniambia pia kuna mtu wa mjini alikuja mwezi uliopita, akasema ni chupa tu za Kijerumani, akampa 40,000. Alikataa. Nilifurahi mno.

Kumsafisha, tulikubaliana: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji, taulo chini ya beseni, brashi laini ya meno, basi. Maji ya moto juu ya kioo kinene hupasua, kwa kuwa uso hutanuka kabla ya moyo.

Jioni nilimpigia dada Tanga. Kabati la mama lina bata wa kioo mwenye mistari ya buluu ndani, na tangu utotoni tunaambiwa ni wa Italia. Nikamwambia asimsugue, amgeuze, apake poda, apige picha taa ikiwa pembeni. Picha ilikuja usiku, umeme umerudi. Hakuna herufi. Chini yake kuna kovu la mviringo, pale fimbo ya chuma ilipokatwa, kwa hiyo aliumbwa kwa mkono na si kwa kalibu. Pembeni ya kovu kuna doa la ukubwa wa kidole gumba, gundi ya zamani iliyogeuka njano, ambapo palikuwa na kibandiko. Dada anasema mama alikibandua mwenyewe siku alipomleta bata nyumbani, kwa kuwa kilimharibu sura.