Mawe ya samaki ndani ya kibiriti

Goti lilianza kunisumbua siku ya tatu ya COP30, mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, Novemba 2025, kwa kusimama foleni kutwa nzima mjini Belém, Brazili. Panado ninazo mkobani. Lakini mwenzangu wa chumba cha pili, kaka mmoja wa Cabo Delgado, Msumbiji, ambaye Kiswahili na Kireno vyote ni vyake, akanicheka: "Dada, umefika mpaka Amazon unameza panado? Twende sokoni."

Soko linaitwa Ver-o-Peso. Nilidhani ni mambo ya pesa, kumbe peso ni uzito: enzi za Wareno mizigo ilipimwa hapo ili itozwe ushuru. Liko ukingoni mwa ghuba ya Guajará, na jengo lake la samaki ni la chuma tupu, lenye vinara pembeni, limesimama tangu 1901. Nje, tumbusi weusi wanatembea katikati ya wachuuzi kama kuku wa nyumbani. Hakuna anayewafukuza.

Upande wa dawa wameketi akina mama, na juu ya vichwa vyao vichupa vimening'inia safu kwa safu: mafuta ya andiroba na ya kopaiba, miti ya huko, maji ya kuogea kuondoa nuksi, maji ya kumvuta mpenzi aliyenuna. Mama tuliyesimama kwake alisikiliza habari ya goti langu, akalibonyeza kwa kidole gumba, kisha akachomoa kichupa chenye kitu cha manjano, kama samli iliyoanza kuganda. Mafuta ya poraquê.

Poraquê ni samaki mrefu kama mkunga, apigaye shoti. Aina mojawapo, iliyotambuliwa na wanasayansi mwaka 2019, imepimwa ikitoa volti 860. Hoja ya mama yule ilikuwa nyepesi: mwenye nguvu kiasi hicho hawezi kuwa na mafuta yasiyo na nguvu, basi pakaa penye baridi yabisi, penye mteguko, penye ganzi. Akaendelea kunihesabia. Mafuta ya taa wa mtoni kwa pumu. Mafuta ya kasa wa mtoni kwa ngozi. Jino la mamba wa huko huvaliwa shingoni kukinga kuumwa na nyoka. Nilipouliza mafuta ya anakonda, lile joka la mtoni, alitazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akainama chini ya meza. Sheria ya Brazili ya 1967 inakataza biashara ya wanyamapori, na yeye anaijua kuliko mimi.

"Kwa Kireno," kaka akaninong'oneza, kwa Kiswahili, bahati nzuri, "muuza mafuta ya nyoka maana yake tapeli." Mimi sikucheka sana. Utotoni kwetu Tanga niliwahi kuchuliwa mafuta ya chatu nilipoteguka kifundo, na nikapona, ingawa mteguko hupona hata ukiachwa.

Vyura je? Mama akanyoosha mkono kuelekea magharibi, mbali, huko jimbo la Acre. Huko watu kama Wakatukina huichoma ngozi vijishimo na kupaka ute wa chura aitwaye kambô. Mtu hutapika papo hapo, na pamoja na matapishi hutoka panema, yaani mkosi wa mwindaji asiyepata kitu. Nilishukuru kwamba tatizo langu ni goti tu.

Nilinunua poraquê. Yananuka shombo. Nilijichua usiku mbili na goti likapata joto, sijui ni la samaki au la mkono wangu.

Jumapili tukavuka mto Guamá kwa mtumbwi wa mashine mpaka kisiwa cha Combu, robo saa hivi. Nyumba zimesimama juu ya nguzo, minazi yao ni michikichi ya açaí, na maji yanapita chini ya sakafu. Mwenye mtumbwi alitukaribisha kwa mama yake. Bibi huyo, alipoambiwa natafuta dawa za mtoni, aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na kasha la kibiriti, na ndani ya kibiriti mawe manne.

Aliniwekea moja kiganjani. Jeupe, gumu kama jino, ukubwa wa harage, upande mmoja laini, upande wa pili umekunjamana. Hutoka kichwani mwa samaki aitwaye pescada. Hukaangwa bila mafuta, husagwa, unga wake hunywewa na mwenye mawe ya figo. Jiwe kwa jiwe.

Chini ya kibiriti paliangaza pakiti ya vidonge. Nikaigeuza: captopril. Ndivyo vilevile anavyomeza mama yangu kwa presha. Basi nikamwomba kaka atafsiri: mwaka 1965 Mbrazili mwenzao, Sérgio Ferreira, alionyesha kwamba sumu ya nyoka jararaca ina kitu kinachoikuza bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa. Wanakemia wa Marekani wakaufuata mkondo huo mpaka wakatengeneza kidonge hiki, kikaidhinishwa mwaka 1981. Hakina tone la sumu, ila njia ilianzia kwa nyoka.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jararaca?" akauliza. "Yule ameniulia mbwa wawili."

Akaichukua pakiti mkononi mwangu, akairudisha mkebeni, safari hii mbali na mawe.