Samadi Yangu Imesingiziwa

Mdogo wangu alinipigia simu alfajiri, hata salamu hakumaliza. "Dada, samadi yako ya kuku imeniharibia maharagwe!"

Maharagwe machanga yale nilimpa mimi, kikapu kizima, akayasindika kwenye chupa za kioo. Sasa vifuniko vitatu vilikuwa vimefura.

Nikamuuliza alitumia chombo gani. Akajibu kwa fahari: sufuria kubwa, maji yakitokota, saa tatu nzima. Nikamwambia asifungue hata chupa moja, asionje, asinuse. Hata zile ambazo vifuniko vyake vilikuwa bado bapa.

Bakteria wa kuogopwa hapa, Clostridium botulinum, hawangoji samadi. Spora zao, yaani mbegu ngumu wanazojihifadhia, zimo udongoni tayari, uwe umeweka mboji, mbolea ya dukani au hukuweka kitu. Mboji iliyopata joto vizuri hufika nyuzi 55 au 60 na kuua vimelea vingi vya kinyesi, lakini spora hizo hazitikisiki. Huvumilia maji yanayochemka kwa saa nyingi. Ndani ya chupa iliyozibwa hakuna hewa, na maharagwe hayana ukali wa kuzizuia (pH yake, kipimo cha ukali ambacho hupanda ukali ukipungua, iko juu ya 4.6). Basi zinaamka na kutengeneza sumu, na mara nyingine hakuna harufu wala rangi ya kukushtua. Kinachoziweza ni mvuke wa presha, nyuzi kama 116, kwa muda uliopimwa: dakika 20 kwa chupa za nusu lita za maharagwe machanga. Ukiishi nyanda za juu, presha inaongezwa.

Kwa hiyo samadi ilisingiziwa. Ila mwenye samadi ana kesi yake.

Msimu ule niliimwaga mbichi wakati mimea imeshatoa maua, uvivu mtupu. Mvua ikanyesha, matope yakarukia maganda ya chini. Kinyesi kibichi hubeba bakteria kama Salmonella na E. koli. Presha ingewamaliza bila shida, lakini kabla ya presha kuna mikono, kuna ubao wa kukatia, na kuna mtu anayetafuna ganda moja moja huku akikata. Mtu huyo ni mimi. Kanuni za kilimo-hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno kwa mazao yanayogusa udongo, na 90 kwa yasiyogusa. Mimi sikufikisha hata 40. Halafu matope yale ndiyo yanayobeba spora. Ukiosha kwa haraka unaziingiza chupani kwa wingi.

Naitrojeni nayo nilizidisha. Majani yalistawi ajabu, maganda yakawa malaini, na chupa zangu mwenyewe, zilizopita kwenye presha sawasawa, zilitoka na kitu kama uji wa kijani. Huo ni ubaya wa mdomoni tu, hauna sumu. Wanaopaswa kuihofia naitrojeni zaidi ni wenye viwanda, kwa kuwa nitrati inayotokana nayo ikijaa kwenye mboga hula bati la ndani ya kopo lisilopakwa kinga. Kwenye kioo hakuna bati la kuliwa.

"Na nyanya je?" akauliza. Nyanya ziko mpakani mwa ile 4.6, na aina ya mbegu, uivaji na lishe ya udongo vinaweza kuzisukuma huku au kule. Mimi sibahatishi: vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau ya dukani kwa kila chupa ya lita moja. Ya dukani, maana ukali wake haubadilikibadiliki kama wa limau la mtini.

Chupa zile zilizozibwa tulizifunga ndani ya mifuko miwili na kuzitupa. Safari hii samadi nimeiozesha kwanza na kuifukia wakati wa kutayarisha shamba. Sufuria yangu ya presha ameiazima yeye, na bado sijaiona.