Starlet ya Kitonga na turbo ya CT9

Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, na safari za Iringa zilikuwa riziki yake. Shida ilikuwa Mlima Kitonga. Starlet yake ya EP82, injini 4E-FE ya cc 1331, ikibeba abiria watatu na robota nyuma, ilipanda kwa gia ya pili huku mabasi yakiipigia honi. Injini haikuwa mbovu. Iringa mjini ipo takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama bar 0.83, wakati Dar es Salaam ni bar 1 na kidogo. Injini isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kushindilia hewa ndani ya injini) huvuta hewa iliyopo tu, basi karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake hubaki pwani.

Huu ulikuwa mwaka 2014, kwenye gereji moja ya Ilala. Wapo waliomwambia auze, anunue gari lenye injini kubwa. Ushauri huo haukuwa mbaya, ila palikuwa na Starlet GT Turbo iliyokatwa nusu kwa wauza spea, na injini yake, 4E-FTE, ilikuwa imetoa konrodi ubavuni mwa bloku. Injini ilikuwa chuma chakavu, lakini vilivyoizunguka vilikuwa vizima: turbo ya CT9 na manifoldi yake, nozeli za kupulizia petroli, kontroli boksi (kompyuta ya injini), waya zote, sensa ya mgandamizo na pampu ya mafuta ndani ya tangi. Ikaamuliwa vihamishiwe kwenye 4E-FE ya mteja, maana injini hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Manifoldi ya FTE inakaa kwenye hedi ya FE bila kuchonga chochote. Tofauti kubwa iko kwenye pistoni: FE ina kompresheni (kiasi cha kubana hewa ndani ya silinda) ya 9.6 kwa 1, FTE ina 8.2 kwa 1. Toyota walipata farasi 135 kwa FTE. Hapa hakuna aliyezitaka zote.

Kabla ya kufungua nati yoyote, kompresheni ilipimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, akseli imekanyagwa mpaka chini. Silinda zilisoma bar 12.6, 12.4, 12.5 na 12.1. Tofauti ikifika bar 1 kazi inaishia hapo, kwa sababu turbo haitibu ringi zilizochoka, inazimaliza. Kwa vipimo vile iliamuliwa injini isifunguliwe, na boosti (mgandamizo ambao turbo inaongeza juu ya hewa ya nje) ikae kwenye springi ya westigeti peke yake, yaani kile kimlango kinachopitisha moshi pembeni ili turbo isizidishe. CT9 ilitoka kiwandani na hali mbili za boosti. Ya juu hufunguliwa na solenoidi, vali ya umeme. Solenoidi hiyo haikuunganishwa, na geji ilikuja kuonyesha bar 0.4. Kwa pistoni za 9.6 na petroli ya kituo chochote cha njiani, hapo ndipo pa kusimamia.

Kuna mafundi wanaofunga turbo na kuacha kontroli boksi la zamani. Gari huwaka na kutembea vizuri, hata mteja analipa akishangilia. Lakini sensa ya mgandamizo ya injini isiyo na turbo imetengenezwa kusoma mpaka hewa ya kawaida, basi. Boosti ikiingia, sensa imeshafika mwisho wake, boksi haliongezi petroli, hewa inazidi, na joto ndani ya silinda linapanda mpaka injini inagonga, yaani mchanganyiko unalipuka wenyewe vibaya. Pistoni hutoboka katikati au huvunjika ukingo wa ringi. Ndiyo maana boksi, sensa na nozeli za cc 295 za FTE zilihamishwa pamoja. Ukichukua kimoja ukaacha kingine, hesabu haitoki. Sensa ya kugonga nayo ilifungwa kwenye bloku, na waya wake ukapitishwa mbali na waya za plagi.

Boksi la FTE linadhani lina pistoni za 8.2, kwa hiyo cheche yake hutoka mapema mno kwa pistoni za 9.6. Taimingi ya msingi ni digrii 10 kabla pistoni haijafika juu, ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye boksi la uchunguzi chini ya boneti. Distribyuta ilizungushwa mpaka taa ya taimingi ikasoma digrii 5. Plagi za NGK zikawekwa za namba moja juu, maana kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, na nafasi ya cheche ikabanwa mpaka milimita 0.7 ili boosti isiizime.

Intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ya GT Turbo hukaa juu ya injini na kutegemea tundu la boneti. Boneti hii haikuwa na tundu, na kulikata ni kuharibu gari bure. Ikapatikana intakula ndogo ya gari la dizeli, ikawekwa mbele ya radieta. Mabomba yalikunjwa kwa mafundi ekzosi, na kila mwisho ulizungushiwa mstari wa kuchomelea ili mpira usiteleze. Bomba laini lenye klipu ya kawaida huchomoka boosti ya kwanza tu, tena hulipuka kwa kishindo cha kuamsha mtaa.

Kilichosumbua kuliko vyote kilikuwa oili. Ya kuingia si tatizo: T kwenye tundu la swichi ya presha, kisha mpira wa kusukwa hadi juu ya turbo. Ya kurudi ndiyo mtego. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilishushwa, ikatobolewa, ikachomelewa kishina cha bomba. Kabla ya kuwasha, turbo ilimiminiwa oili kwa mkono, waya za nozeli zikachomolewa, na stata ikapigwa kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazima. Gari likawaka, likatulia kwenye sailensa, bila kukanyagwa akseli. Baada ya kama dakika kumi, moshi wa bluu ukaanza kutoka ekzosi, mzito kwelikweli.

"Fundi, hiyo turbo imeshakufa. Umeuziwa mkaa," alisema jirani mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tairi.

Mpira wa hewa ukatolewa, shafti ikashikwa kwa vidole. Mbele na nyuma haikucheza. Kwa pembeni ilicheza kidogo sana, bila feni kugusa nyumba yake, na hiyo ni hali ya kawaida kwa turbo ya beringi za kuelea. Turbo ilikuwa nzima. Tulipolala chini ya gari tukaliona bomba la kurudi: mchomeleaji alitumia bomba la ndani milimita 10, akalipandisha kidogo ili likwepe fremu ya chini kabla ya kushuka. Oili huingia kwenye turbo kwa presha, lakini hutoka kwa uzito wake tu, tena imechanganyika na hewa kama povu la sabuni. Bomba likiwa jembamba au likiwa na mlima, oili inajaa ndani ya turbo na kutafuta njia kwenye sili. Bomba jipya lilikuwa la ndani milimita 19, likashuka moja kwa moja bila kona, na kishina kikahamishiwa juu zaidi, mahali oili ya sampu haifiki hata gari likiinama. Gasketi ya karatasi ikatumika pale chini ya turbo. Silikoni hairuhusiwi, kwa sababu ikimeguka inaziba njia. Vali ya kupumulia ya injini nayo ilikuwa inapitisha pande zote mbili, maana yake boosti ingeingia ndani ya bloku na kusukuma oili nje. Ikabadilishwa. Moshi haukurudi.

Jaribio la barabarani lilifanyika usiku, Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha, geji ya lamda, inayoonyesha sehemu za hewa kwa sehemu moja ya petroli, ikiwa dashibodi. Gia ya tatu, akseli chini, geji inatakiwa ishuke mpaka 11.5 au 12 boosti ikiingia. Ilianza vizuri, halafu kwenye mizunguko 4,500 ikapanda kupita 13. Mguu ukatolewa papo hapo. Petroli ilikuwa haitoshi. Tulirudi kupima umeme kwenye pampu yake: volti 10.9, wakati betri inasoma 13.8. Waya wa zamani, mwembamba, umeoza kwenye kiungo. Ukavutwa waya mpya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, ukiwa na fyuzi na rilei, na filta ya petroli ikabadilishwa. Jaribio la pili geji ilikaa 11.6 mpaka 6,000.

Kitonga ilipandwa kwa gia ya tatu. Jambo moja lilimshangaza mwenye gari: geji ya boosti ilisoma 0.4 ileile kule juu kama pwani. Springi ya westigeti hulinganisha boosti na hewa ya nje, kwa hiyo Iringa injini inapata bar 1.23 kwa jumla, na Dar bar 1.41. Bado ni zaidi ya ilichokuwa ikipata pwani kabla ya turbo.

"Sasa fundi, ile waya ya boosti ya juu mbona hamkuiunga?" aliuliza aliporudi.

"Leta pistoni za FTE kwanza, bosi."

Hakuzileta. Alileta gari baada ya kilometa 1,000 kama alivyoagizwa: oili ikamwagwa na kubadilishwa, klachi ikakutwa imeanza kuteleza kwenye gia ya nne na kuwekewa sahani na preshapleti ya GT Turbo, na nati mbili za manifoldi zikakutwa zimelegea. Zikabadilishwa kwa nati za shaba, zikakazwa injini ikiwa ya baridi.