Masta ya mambo ya miji: mbele ya kutuma dosie

Tangu bantu bajue kama niko nasoma masta juu ya miji, maulizo haiishe. Mama mudogo anafikiri nitamuchorea plani ya nyumba, bale badogo ba kampusi ya Kasapa banataka tu kujua bursi, pesa ya kusomea, iko wapi. Ya bursi tutafika, lakini kwanza tuseme ile kazi yenyewe.

Mwenye anataka kupanga muji, barabara ipite wapi, kanivo ya maji ipite wapi, huyo atafute shule ya urbanisme, ile ya Kinshasa yenye bantu banajua kama ISAU kwa mufano. Sisi wengine tunauliza juu ya nini muji iko vile iko: nani aliikata, nani analipa, nani banafukuza. Ndio sababu mulango haiko moja, unaweza kuingilia mu jeografia, historia, sosholojia, hata agronomia. Usiseke! Hapa Lubumbashi bantu ba agronomia njo balitufundisha mingi juu ya moshi ya kiwanda ya shaba. Upepo mingi inatokaka kusini-mashariki, kiwanda ilianza kuchoma 1911, sasa moshi miaka yote ile ilikuwa inaenda kuangukia upande wa kaskazini-magharibi, kartiye Gécamines na Penga Penga, miti ya miombo ikakufa, udongo ikabakia wazi ao na majani kidogo yenye kuvumilia shaba. Wao banapima shaba mu udongo. Mwenye alisoma sosholojia atauliza nani alipewa parseli chini ya ile moshi, na nani alienda kujenga kwenye hewa mazuri. Kama hujui maulizo gani kati ya ile mbili inakunyima usingizi, dosie yako haijaiva.

Halafu mu masta nyingi watakuletea Chicago mapema sana. Burgess, mutu wa sosholojia ya kule, 1925 alichora miduara: ofisi mu katikati, bageni bamasikini pembeni yake, benye pesa wanazidi kuenda mbali. Sawa, kwa Chicago ya ile wakati inasaidia. Mimi nilijaribu kuiweka juu ya karte ya Lushi (Lubumbashi yetu) na ikakataa kabisa, juu hapa mistari ilichorwa na amri. Muji ilianzishwa 1910, na mu miaka ya 1920 batawala balisukuma cité ya baeusi kusini, kule tunaita leo Kamalondo, bakaacha katikati zone neutre, uwanja mutupu wa zaidi ya mita 500, eti mbu ya malaria haiwezi kuruka mbali vile (ile mbu ilikuwa inajua rangi ya ngozi, inaonekana). Nyuma ikaja komine ya Kenya (si inchi), na Katuba na Ruashi ya miaka ya 1950, kila moja mbali zaidi. Leo mwenye analala Katuba na kutumika mu centre analipa taksi kila asubui juu ya uamuzi wa muzungu mwenye alishakufa zamani. Tangu pale Burgess ninamusoma kama habari ya Chicago, si kama sheria, na maprofesa bazuri banapenda ukibishana naye ukiwa na muji yako mukononi.

Haya, tuone masta zenyewe na bursi. 4CITIES ni masta ya miaka mbili, unazunguka Brussels, Vienna, Copenhagen na Madrid; inapendeza, lakini kuhama hama na mizigo ile yote haiko ya kila mutu. Masta ya IHS, shule ya mambo ya miji ya Rotterdam, ni mwaka moja, inaelekea sana usimamizi wa miji. Mimi ningeangalia kwanza Cape Town, kwenye African Centre for Cities, sababu kule miji ya Afrika njo inaanza mazungumuzo, haingojee sura ya mwisho. Dar es Salaam kuko iniversite ya Ardhi, masomo ni Kiingereza, lakini ukitoka darasani utajitafutia na Kiswahili, watacheka tu ya kwetu. Kwa Ubelgiji, ARES na VLIR-UOS, bale banatoaka bursi, banalipiaka bakongomani pia. Kiingereza anza leo, hiyo njo inaangusha bengi kuliko pointi.

Mwenye anataka nisome letre yake ya motivation anitumie. Lakini ile inaanza na "tangu utoto wangu nilipenda miji" nitairudisha pale pale.