Kalenda tatu kwa mtu mmoja: nilivyopanga utumishi wa Jenerali Laclos

Pierre Choderlos de Laclos anajulikana zaidi kwa riwaya ya barua aliyoitoa 1782. Mimi nilitaka upande wake wa pili: afisa wa mizinga wa Ufaransa, Frimasoni, aliyefia kazini Taranto, kusini mwa Italia, mwaka 1803. Kilichonipa kazi ni tarehe. Nyaraka za mtu kama huyu huandikwa kwa kalenda tatu (ya kawaida, ya Jamhuri ya Ufaransa na ya Wafrimasoni), na ukizichanganya utajikuta umempeleka vitani kabla hajateuliwa.

Nilianza na jedwali la safu nne: tarehe kama ilivyoandikwa, aina ya kalenda, tarehe ya kawaida, na nilikoitoa. Safu ya kwanza haiguswi hata ukiwa na uhakika kwamba karani alikosea. Nilitumia programu ya majedwali ya LibreOffice Calc, kwa sababu Excel haitambui tarehe za kabla ya 1900. Inazichukua kama maneno tu na hesabu haifanyiki.

Kuanzia mwishoni mwa 1793 hadi 31 Desemba 1805 serikali ya Ufaransa ilitumia kalenda ya Jamhuri: miezi 12 ya siku 30, kisha siku 5 au 6 za nyongeza. Chukua namba ya mwezi, toa 1, zidisha kwa 30, jumlisha siku. Laclos alirudishwa jeshini na Napoleon Bonaparte kama jenerali wa brigedi tarehe 26 nivôse mwaka wa 8. Nivôse ni mwezi wa nne, kwa hiyo 90 na 26 ni siku ya 116. Mwaka huo ulianza 23 Septemba 1799. Ongeza siku 115, si 116, maana siku ya kwanza imeshahesabiwa. Unapata 16 Januari 1800.

Kosa kubwa liko kwenye mwanzo wa mwaka. Ulifuata siku ya ikwinoksi (usiku na mchana vinapolingana) kule Paris, kwa hiyo haukuanza tarehe ileile kila mara: mwaka wa 5, wa 6 na wa 7 ilianza 22 Septemba, wa 8 hadi wa 11 ilianza 23, wa 12 ulianza 24. Laclos alifariki 18 fructidor, mwezi wa 12, mwaka wa 11. Kuna mapinduzi maarufu ya 18 fructidor mwaka wa 5, yaliyotokea 4 Septemba 1797, na mtu akiiga hapo atamuua jenerali siku moja mapema. Tarehe sahihi ni 5 Septemba 1803. Ukihesabu kwa vidole kumbuka pia kwamba Februari 1800 ilikuwa na siku 28. Bila hilo, vita vya Biberach vya 9 Mei 1800, ambako Laclos alikuwa na Jeshi la Rhine, vitasogea.

Kalenda ya tatu ni ya loji, yaani vikundi vya Wafrimasoni. Wafrimasoni wa Ufaransa waliongeza 4000 kwenye mwaka na kuuanza tarehe 1 Machi. Mwezi wa kwanza ni Machi, wa kumi na moja ni Januari. Kwa hiyo mwezi wa 11 wa 5773 ni Januari 1774, si 1773. Januari na Februari ndizo zinazowaangusha wengi.

Laclos aliingia loji ya kijeshi ya kikosi chake cha mizinga cha Toul. Loji za namna hii hazikuwa na mji. Zilihama na kikosi, basi usizitafute kwenye orodha za miji pekee. Nilipitia Fichier Bossu, kadi za Wafrimasoni zilizo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na kuwekwa kwenye Gallica, maktaba yake ya mtandaoni, kwa kila tahajia: Choderlos, Chauderlos, Laclos, La Clos. Kwetu neno Frimasoni huwafanya watu wafikirie kafara na utajiri wa ghafla. Karatasi za loji zimejaa mahudhurio, ada na vyeo.

Upande wa jeshi nao una pengo linalotisha. Aliingia shule ya mizinga ya La Fère 1760, akawa kapteni 1771, halafu cheo hakibadiliki kwa miaka 17. Nyaraka hazijapotea. Nchi kwa sehemu kubwa haikuwa na vita barani, vyeo vya mizinga vilifuata zamu ya miaka ya kazi, na ukoo wake ulikuwa wa daraja la chini. Jaza pengo kwa kazi badala ya vyeo: 1779 alipelekwa kisiwa cha Aix kujenga ngome chini ya Montalembert, 1786 akamshambulia kwa maandishi Vauban, mjenzi wa ngome wa zamani aliyeheshimiwa sana, jambo ambalo wakubwa hawakulipenda, 1788 akaingia utumishi wa Duke wa Orléans, ambaye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Wafrimasoni wa Ufaransa.

Sikumwandika kama "mvumbuzi wa kombora", sifa ambayo wengine humpa. Makombora yenye baruti ndani yalikuwepo zamani, yakirushwa juu kwa mizinga mifupi. Alichojaribu ni tufe lenye uwazi ndani kurushwa moja kwa moja na mzinga mrefu, ambao baruti yake nyingi inaweza kulipasua likiwa bado ndani ya mtutu. Mizinga ya kufanya hivyo kwa uhakika ilikuja na Paixhans, afisa wa mizinga wa Ufaransa, miaka ya 1820.

Neno "shujaa aliyeanguka" nalo nililipima. Hakupigwa risasi, alikufa kwa kuhara damu na malaria akiwa kwenye amri ya mizinga ya akiba. Sifa rasmi ya "aliyeifia Ufaransa" ilianza kwa sheria ya 1915, kwa hiyo haimhusu. Niliandika "alifariki akiwa kazini".

Safu ya kaburi: kisiwa cha San Paolo, Taranto, ndani ya ngome iliyopewa jina lake. Wafalme wa ukoo wa Bourbon waliporudi madarakani 1815, kaburi likavunjwa.