Bunduki za Heat, wimbo wa X-Files
Jana nimerudia kutazama Heat, filamu ya Michael Mann, ile ya 1995. Wengi husifia waigizaji Pacino na De Niro wakinywa kahawa. Mimi nipeni yale mapambano ya barabarani! Mann alitumia milio iliyorekodiwa palepale walipokuwa wakipiga picha, ndiyo maana risasi zinagonga majengo na kurudi. Muziki hakuna. Ikabidi nipunguze sauti, majirani wasije wakaniitia polisi.

Kisha nikaweka Home, kipindi cha 1996 cha tamthilia ya televisheni ya The X-Files. Damu ipo, lakini kinachotisha hasa ni ule wimbo mtamu unaopigwa wakati ndugu wauaji wa hadithi hiyo wanakwenda kumuua sherifu. Mizimu na milango inayojifunga yenyewe? Hapo natafuna bisi tu.