Siku moja maishani mwangu: kusaka kirusi cha macho mekundu Dodoma

Saa 12 kasoro alfajiri. Kazi ya kwanza ya utafiti wa virusi vya macho ni barafu. Chupa bapa za barafu zinatolewa kwenye friza na kuachwa mezani mpaka ukiitikisa moja usikie maji yakicheza ndani. Ikiingia kwenye deli ingali ngumu kama jiwe, itagandisha mirija inayoigusa, na kirusi cha hepesi, chenye koti la mafuta, huharibika kikigandishwa nusunusu. Tunachotaka ni nyuzi 2 hadi 8. Kipimajoto kinachojirekodi kinalazwa katikati ya mirija, kwa sababu nyuma ya gari kwenye barabara ya Bahi saa 4 asubuhi hakuna anayeweza kukisia joto.

Mirija ina mililita 2 za kimiminika cha kuhifadhia virusi, chenye rangi ya waridi. Ukiona umegeuka njano au una ukungu, bakteria wamekwisha ingia, tupa. Swabu ni za nailoni au poliesta zenye mpini wa plastiki. Zile za kijiti cha mti na pamba ya kawaida, hata kama ndizo zilizojaa stoo, zinabaki huko huko: mti na pamba vinaweza kuachia vitu vinavyokwamisha PCR, kipimo kinachonakilisha vinasaba vya kirusi mzunguko kwa mzunguko mpaka vionekane, na utakuja kugundua jioni, mgonjwa akiwa ameshakwenda zake.

Saa 2:30 asubuhi, zahanati. Benchi limejaa. Kiangazi cha Dodoma, upepo ukivuma, jicho jekundu lina wazazi wengi: vumbi, aleji, vikope, virusi. Vikope si kirusi, ni bakteria aitwaye Klamidia trakomatisi, na utafiti uliofanywa kwa miaka mingi Kongwa ndio uliofundisha dunia mengi kuhusu ugonjwa huo. Kwa hiyo kope la juu linageuzwa kwanza. Vinundu 5 au zaidi vya nusu milimita na kuendelea katikati ya kope hilo, tunaandika vikope na mgonjwa anakwenda njia nyingine. Virusi vina dalili zao: machozi mengi kuliko usaha, vinundu kope la chini, jicho moja kuanza na la pili kufuata, na tezi iliyovimba mbele ya sikio. Hiyo tezi inaguswa kwa vidole viwili tu, sekunde tano, na bado ndiyo inayosahauliwa zaidi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Macho yalianza siku gani?"

Swali hilo lina uzito kuliko mashine yoyote tuliyo nayo. Virusi vya jamii ya entero vinavyovujisha damu chini ya weupe wa jicho huanza saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, na sampuli nzuri ni ya siku tatu za mwanzo. Adenovirusi huchukua siku 5 hadi 12 kujitokeza na huendelea kutoka jichoni kwa wiki mbili hivi. Bibi akijibu "tangu gulio lililopita", tunatafuta gulio lilikuwa lini na kuandika tarehe. Wazee wengine Kiswahili ni cha kusindikizia tu, kwa hiyo mtu wa kutafsiri Kigogo anakuwepo kabla fomu ya ridhaa haijafunguliwa. Mtoto, mzazi anasaini, na mtoto mwenyewe anaulizwa pia. Kwenye mrija inaandikwa namba, jina halimo, na kwa kalamu isiyofutika na spiriti.

Kuchukua sampuli ndipo utafiti unapofaulu au kufa. Rangi ya kuchunguzia kidonda, fluoresini au rozi bengali, inawekwa baada ya swabu. Rozi bengali yenyewe inaua hepesi, hivyo ukiitanguliza umeua unachokitafuta. Tongotongo linafutwa kwa shashi safi, maana kirusi kimo ndani ya seli hai za utando, nawe ukikusanya usaha umekusanya maiti. Tone moja la tetrakaini 0.5%, nusu dakika. Mgonjwa anaangalia juu, kope la chini linavutwa, swabu inapitishwa kutoka pembe ya pua hadi pembe ya sikio mara mbili au tatu huku ikizungushwa. Isiguse nywele za kope. Isiwe ya kubembeleza pia: swabu iliyopapasa tu inarudi na machozi matupu. Inavunjwa kwenye alama yake ndani ya mrija, kifuniko, deli.

Sasa fluoresini. Kidonda chenye matawi kama mti mkavu kwenye kioo cha jicho ni hepesi mpaka ithibitike vinginevyo. Huyu hasubiri maabara: anapewa mafuta ya asiklovia 3% mara 5 kwa siku. Hapa niseme jambo linaloudhi. Matone ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, yanauzwa kama matone ya kawaida ya "macho mekundu", na kweli wekundu unapungua siku ya pili, lakini steroidi bila dawa ya kirusi hulegeza ulinzi wa jicho na yale matawi huungana kuwa kidonda kipana. Antibayotiki nayo haiui kirusi, ila angalau haimpi nguvu.

Kati ya mgonjwa na mgonjwa: glavu mpya, mikono kwa sabuni na maji. Jeli ya spiriti pekee haitoshi, kwa kuwa adenovirusi na entero hawana koti la mafuta ambalo spiriti huliyeyusha. Adenovirusi akikauka kwenye plastiki anaishi wiki kadhaa, ndiyo maana kifaa cha kupimia presha ya jicho kimewahi kusambaza ugonjwa ndani ya kliniki sehemu nyingi duniani. Kiti na sehemu ya kuwekea kidevu kwenye darubini vinapanguswa kwa Jiki: sehemu 1 ya ile ya 3.5% kwa sehemu 6 za maji, upate 0.5%, iache dakika 10, kisha futa kwa maji kwa sababu inakula chuma. Ya jana haitumiki.

Saa 5:45, maabara. Kipimajoto kinasomwa: kilele nyuzi 7, tunapokea. Sampuli 12. Kila moja inagawanywa vichupa vitatu, viwili vinakwenda friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunapunguza virusi kila safari. Umeme ukikatika, friza hiyo haifunguliwi, hata kwa kuchungulia. Ikiwa imejaa na imefungwa, hupanda joto polepole sana.

Saa 6 mchana, kutoa vinasaba. Maikrolita 140 za sampuli, 560 za bafa, kimiminika cha kupasulia kirusi, dakika 10, kisha 560 za ethanoli, yote yanapitishwa kwenye kichujio cha silika kwa kuzungushwa. Kuoshwa mara mbili, kuzungushwa kikavu mara moja zaidi, na kutolewa kwa maikrolita 60. Mzunguko mkavu ndio watu wanaouruka wakiwa na njaa, kisha ethanoli iliyobaki inazuia PCR na matokeo yote yanakuwa "hakuna kirusi". Pamoja na wagonjwa 12 kuna mrija wa 13 wenye kimiminika kitupu, wa kutuonyesha kama tunachafua wenyewe. 13 haikai sawa kwenye mashine ya kuzungusha, kwa hiyo unaongezwa wa 14 wenye maji, uzito uleule. Taka za bafa hiyo zina guanidini: kamwe zisikutane na Jiki, huzaa gesi ya sumu.

Saa 7:30, ugali wa uwele na mlenda, nje ya maabara.

Saa 8:15. Mchanganyiko wa PCR unatengenezwa chumba kingine, chumba safi, na aliyetoka chumba cha vinasaba harudi humo mpaka kesho. Hesabu: 13, ongeza sampuli yenye kirusi kinachojulikana, ongeza maji matupu, ni 15. Ongeza asilimia 10 kwa yanayobaki kwenye pipeti, tunatengeneza za 17. Kwa maikrolita 15 kila kimoja ni 255. Kila kisima, kishimo kidogo kwenye sahani ya plastiki ya PCR, kinapata 15 na 5 za vinasaba. Rangi tatu kisima kimoja: adenovirusi, entero, na jeni la binadamu liitwalo RNase P. La tatu ndilo linalosema kama swabu iligusa jicho kweli. Karatasi ya kufunikia inabanwa hasa pembeni, vinginevyo visima vya ukingoni vinakauka, na inafutwa, kwa sababu chembe moja ya vumbi la hapa inatosha kuvuruga mwanga. Nyuzi 50 dakika 15 kugeuza RNA kuwa DNA, 95 dakika 2, kisha mizunguko 40 ya 95 sekunde 15 na 60 dakika moja. Mashine iko kwenye betri ya akiba. Umeme ukipepesa mzunguko wa 30 bila betri, umeanza upya.

Saa 10:10 jioni. Kabla ya mgonjwa yeyote, tunaangalia mstari wa maji kwenye skrini: bapa. Mrija mtupu: bapa. Yangepanda, sahani nzima ingetupwa bila mjadala. Namba 3, 4 na 9 zinapanda kwa mkunjo mzuri wa S upande wa entero, mizunguko ya 22 hadi 26. Namba 11 ni adenovirusi. Namba 7 ina entero mzunguko wa 37, yaani kirusi kidogo mno, na imekaa ubavuni mwa sampuli iliyojaa, siiamini. Namba 2 haina hata RNase P, kwa hiyo haiandikwi "hana kirusi". Inaandikwa "sampuli haifai".

Zilizo chini ya mzunguko wa 30 zinatengwa kusomwa mfuatano wa vinasaba: eneo la VP1 kwa entero, hekzoni kwa adenovirusi, zote sehemu za ganda la kirusi. Namba ya aina ina maana. Adenovirusi 3 huja na homa na koo, kisha hupita. Adenovirusi 8 anaweza kuacha madoa kwenye kioo cha jicho yakafifisha uoni kwa miezi. Upande wa entero, ugonjwa wa macho ya damu ulionekana mara ya kwanza Ghana mwaka 1969, na kimoja cha virusi vyake, Coxsackie A24, kikatambuliwa Singapore mwaka 1970. Macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine Januari 2024, wengi walitibiwa kwa dalili tu, na ndivyo inavyopaswa kwa mgonjwa. Lakini dalili hazisemi kirusi kimetoka wapi.

Saa 11:30, taka. Otoklevu ya hapa, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ina jambo lake: Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo ile pauni 15 kwa inchi ya mraba ya kwenye geji iliyoandikwa kitabuni haifikishi nyuzi 121. Tunakwenda karibu 17, na tunaamini kipimajoto kuliko geji.

Saa 12:20. Zahanati inapigiwa simu: nne zimethibitika, namba 2 arudi kama macho bado hayajapona. Namba 7 inatolewa vinasaba upya kesho kutoka kichupa cha pili, ikae kona ya mbali na nyingine. Chupa za barafu zinarudi friza.